Kesho Utanipenda Bado?

Hotuba niliyoitoa mbele ya wasichana wa darasa la uimbaji na wazazi wao, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi mliofunga maduka mapema na kuacha vyungu jikoni ili mje kuwasikiliza mabinti zenu: shikamooni. Na nyinyi wanangu mliokaa safu za mbele, hamjambo. Itifaki imezingatiwa, naomba niingie kwenye jambo lenyewe, maana najua mna hamu ya kuimba kuliko kunisikiliza.

Nimeombwa niongee juu ya wimbo mmoja tu, wowote nitakaoutaka. Mlitegemea pengine nitachagua wa kwetu, na nyimbo za kwetu nazipenda, wanaonijua wanajua. Lakini nimechagua wimbo wa wasichana wanne wa Marekani, weusi kama sisi, uliotoka Novemba 1960. Kwa Kiingereza unaitwa "Will You Love Me Tomorrow". Kwa lugha yetu ningesema: kesho utanipenda bado? Kundi lenyewe liliitwa The Shirelles. Wimbo haufiki dakika tatu. Mimi nimeusikiliza kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu siku shangazi yangu alipouweka kwenye redio kaseti yake huku akisuka ukili barazani, na kila ninapousikia mkono wangu unasimama, niwe nafua, niwe napika.

Tuuelewe kwanza unasema nini. Msichana yuko na kijana anayempenda. Ni usiku. Kijana anamwambia maneno matamu na msichana anayaamini nusu, nusu yake hayaamini. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Anauliza: usiku huu wewe ni wangu, nakuona, na macho yako yanasema kweli, je, kukipambazuka? Wazazi mlioko hapa mnajua swali hilo linahusu nini. Na nyinyi mabinti mnajua pia, tusijifanye.

Kwetu pwani swali kama hilo lina mahali pake. Somo, yaani mwanamke anayemfunda msichana, anakaa na mwari wake chumbani, mlango umerudishwa, na yanayosemwa humo hayavuki kizingiti. Ni mambo ya wanawake kwa wanawake. Wimbo huu ulichukua mazungumzo ya chumbani ukayatoa redioni mchana kweupe, kwa sauti ya msichana wa miaka 19, bila neno hata moja la aibu. Ukiyasoma maneno yake yote huoni pa kuweka kidole ukasema hapa amekosa adabu. Hata hivyo kila aliyesikia alielewa. Baadhi ya vituo vya redio vya Marekani vilielewa vizuri mno, vikakataa kuupiga.

Nami naamini, wanangu, kwamba wimbo huu ulishinda kwa sababu ni swali la kweli lililoulizwa na watu waliokuwa hawana jibu. Nyimbo nyingi za mapenzi zinatangaza. Nakupenda, nitakufa, usiniache. Huu hautangazi kitu. Na wote walioushika mkononi, tangu aliyeutunga hadi walioimba, walikuwa vijana wadogo waliosimama mbele ya kesho wasioijua. Nitawaeleza walikuwa akina nani.

Passaic ulikuwa mji wa viwanda katika jimbo la New Jersey, mwendo mfupi kutoka New York. Katika shule ya sekondari ya mji huo, mwaka 1957, wasichana wanne walikuwa na mazoea ya kuimba pamoja: Shirley Owens, Doris Coley, Addie Harris ambaye wenzake walimwita Micki, na Beverly Lee. Waliingia kwenye onyesho la vipaji la shule na wimbo waliojitungia wenyewe. Wimbo huo unahesabu siku za wiki. Nilikutana naye Jumapili, Jumatatu nikamkumbuka, na kuendelea hivyo hadi wiki inakwisha na msichana anamwambia kijana kwaheri. Mnaona? Hata kabla hawajaguswa na mtunzi yeyote mkubwa, wasichana hawa walikuwa tayari wanahesabu siku za mapenzi, wanaangalia kama yatafika Jumamosi.

Darasani kwao alikuwapo msichana aitwaye Mary Jane Greenberg. Mama yake, Florence Greenberg, alikuwa mama wa nyumbani aliyekuwa akitamani kazi ya muziki. Mary Jane akawang'ang'ania wenzake waje waimbe kwa mama yake. Wakamkwepa, wakamkwepa, mwisho wakaona bora waende ili awaache. Wakasimama sebuleni kwa mama Greenberg, wakaimba. Mama yule hakuwaacha tena. Akaanzisha kampuni ndogo ya santuri, na wimbo wao wa siku za wiki ukatoka mwaka 1958. Kampuni kubwa ya Decca ikauchukua, ukafika nafasi ya 49 kwenye chati, yaani orodha ya nyimbo zinazovuma Marekani. Decca wakaona basi, hawa wameishia hapo, wakawaachia. Florence Greenberg akaanzisha kampuni nyingine, Scepter, mwaka 1959, na wasichana wake wakawa nguzo yake.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye wengi wanamsahau, na mimi sipendi asahauliwe: Luther Dixon. Alikuwa mtunzi na msimamizi wa kurekodi, mtu mweusi, mwenye sikio la ajabu. Ndiye aliyejua kwamba sauti ya Shirley haihitaji kupambwa bali kuzungushiwa uzio mzuri. Mwaka 1960 yeye na Shirley walitunga pamoja wimbo juu ya usiku wa mapenzi, ukafika nafasi ya 39. Si haba. Lakini walihitaji mwingine wa kufuatia.

Sasa twende Brooklyn, ng'ambo ya pili ya New York, kwenye nyumba ya mke na mume vijana. Mke ni Carole King. Ana miaka 18. Ana mtoto mchanga, Louise, aliyezaliwa Machi mwaka huohuo wa 1960. Mume ni Gerry Goffin, ana miaka 21, mchana anafanya kazi kwenye maabara ya kemikali. Wote wawili wanaandika nyimbo kwa kampuni ya Aldon, ambayo ofisi zake zilikuwa kwenye jengo namba 1650 la barabara ya Broadway. Kule vijana walipangiwa vyumba vidogo, kila chumba piano yake, na kazi ilikuwa kutunga nyimbo za watu wengine. Bwana mmoja wa kampuni ile, Don Kirshner, alikuwa akipita akisema: fulani anahitaji wimbo. Safari hii akasema: Shirelles wanahitaji wimbo.

Carole amesimulia mwenyewe ilivyokuwa. Alikaa kwenye piano nyumbani, tuni ikamjia, akairekodi kwenye tepu rekoda. Maneno bado hayakuwapo. Akamwachia mumewe kikaratasi juu ya ile tepu rekoda, akatoka kwenda kucheza mahjong, mchezo wa vigae wa Kichina. Gerry aliporudi akaisoma karatasi, akabonyeza, akasikiliza, akaanza kuandika. Mke aliporudi maneno yalikuwa karibu yote yapo.

Ninaomba mtulie kidogo hapo, msiharakishe. Maneno ya msichana anayeogopa kuachwa asubuhi yaliandikwa na mwanaume. Mwanaume wa miaka 21, usiku, nyumbani, mtoto amelala, mkewe hayupo, na sauti ya piano ya mkewe ndiyo inayotoka kwenye mashine. Mimi nimewahi kubishana na mwenzangu mmoja aliyesema basi wimbo huu si wa wanawake. Nikamwambia la. Swali lilikuwa tayari kwenye ile tuni. Gerry aliisikia ikiuliza, akaiandikia maneno yake. Ndivyo mtunzi mzuri anavyofanya kazi na malenga wetu wanalijua hilo. Wangapi wametunga kwa nafsi ya mwanamke, na mwanamke akaimba, na ukumbi mzima ukalia?

Tuni yenyewe inafanyaje? Hili ni darasa la uimbaji, lazima niseme. Kila ubeti una mistari minne. Miwili ya kwanza inakwenda kwa utulivu, imejaa raha, kama mtu anayejiegemeza. Mstari wa tatu unaanza na neno lilelile la usiku huu, lakini safari hii piano inageuka. Inaingia sauti moja ambayo sikio halikuitegemea, kama wingu linalopita mbele ya jua kwa nukta moja, na wimbo unaelekea kwenye huzuni. Maneno hapo ni matamu kuliko yote, yanataja nuru ya mapenzi machoni pa kijana. Maneno yanasema nuru na muziki unatia kiza. Kisha mstari wa nne unarudi nyumbani, na hapo hapo, kwenye usalama, ndipo swali linaulizwa. Nilipoligundua hilo nilikuwa mtu mzima na nimeshafundisha miaka mingi. Nilikaa chini.

Shirley Owens alipopewa wimbo huu hakuutaka. Aliusikia kwenye kanda ya mfano, Carole peke yake na piano, akaona huu ni muziki wa kantri, ule wa mashambani Marekani, si wa kwao. Luther Dixon akambembeleza, akamwambia asubiri auone ukivalishwa. Carole ndiye aliyepanga fidla na sello, msichana wa miaka 18 akiwaandikia wanamuziki wazima nini wapige. Mwaka uliotangulia kundi la wanaume, The Drifters, lilikuwa limetoa wimbo wenye vinanda vya nyuzi, na hilo liliwafungua watu macho kwamba muziki wa vijana weusi unaweza kuvaa vazi la aina hiyo. Sisi hatushangai. Tumekulia kwenye taarab, fidla kwetu si kitu kigeni. Ila hizi hazilii kwa mnyumbuko kama za kwetu. Zinakatakata haraka haraka chini ya sauti ya mwimbaji, kama moyo unaodunda wa mtu anayejitahidi aonekane ametulia. Shirley aliposikia vile vinanda, moyo wake ukageuka.

Na sauti yake. Wanangu, nimewasikia mkifanya mazoezi nyuma ya pazia, mnapenda kupandisha, mnapenda kuzungusha koo. Ni vizuri, lakini msikilizeni Shirley. Si sauti ya kuonyesha ufundi. Ina ukavu kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Inakaa chini kidogo ya pale mwalimu angetaka ikae, haisukumi, haililii. Anauliza swali kubwa la maisha yake kwa sauti ya mtu anayekuuliza kama umeufunga mlango. Ndiyo maana unamwamini. Angepiga kelele tungesema anaigiza. Wenzake watatu nyuma wanamwitikia kwa sauti laini, wanamsindikiza, hawamfuniki, kama shoga zake wanaoijua siri yake.

Santuri ikatoka Novemba 1960. Nakala za mwanzo ziliandikwa neno moja tu, Tomorrow, yaani Kesho. Mwishoni mwa Januari 1961 wimbo ukashika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard Hot 100, ukakaa hapo wiki mbili. Chati hiyo ilianza 1958, na tangu ianze hakuna kundi la wasichana weusi lililowahi kufika juu. Makundi yalikuwepo kabla yao, The Bobbettes na The Chantels, mabinti wa New York, wenye sauti nzuri tena sana, lakini mlango wa juu kabisa ulifunguliwa na hawa wa Passaic. Uingereza ukafika nafasi ya 4. Nyumbani Brooklyn, Carole akapanda gari la kifahari pamoja na Kirshner wakaenda moja kwa moja hadi kazini kwa Gerry, maabara, kumwambia avue koti, ile kazi imekwisha.

Baada ya hapo milango haikufungika. Mwaka huohuo wimbo wao wa zamani ambao haukuvuma ulipotoka mara ya pili, ukapigwa redioni upya, ukafika nafasi ya 3. Mwingine wenye nasaha za mama ukafika 4. Mwaka 1962 wakashika tena namba 1 na wimbo wa msichana anayemsubiri mwanajeshi wake. Vijana wa kule Liverpool, The Beatles, walipotengeneza albamu yao ya kwanza mwaka 1963 walirekodi nyimbo mbili za Shirelles, na mmoja wao ulitoka upande wa pili wa santuri hii hii ninayoizungumzia. Hata yaya wa mtoto Louise, Eva Boyd, aliimba wimbo wa Carole na Gerry mwaka 1962 akafika namba 1 naye. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine, lakini mnaona nyumba ile ilivyokuwa na baraka.

Lipo jambo lililonifurahisha sana nilipolijua. Mwaka 1961 ilitoka santuri ya mwanaume anayemjibu yule msichana. Ndiyo, anasema, nitakupenda, si kesho tu bali daima. Nilicheka peke yangu, maana haya ni malumbano. Ni kama mashairi ya kujibizana ya kwetu, mmoja anatupa fumbo, mwingine analifumbua. Lakini jibu lile halikuvuma. Nimelifikiria sana nikaona nimeelewa. Watu hawakutaka jibu kutoka kwa kijana. Kila msichana aliyekuwa akiliimba swali lile alikuwa akilipeleka kwa mtu wake mwenyewe, na mtu wake ndiye peke yake aliyeweza kulijibu, tena si kwa wimbo.

Sasa nafika mahali ambapo naomba wazazi nao wasikilize, maana hili ni la watoto wenu.

Wale wasichana walikuwa wadogo walipotia saini mikataba. Waliambiwa kwamba fedha zao za santuri zinawekwa akiba, watapewa watakapotimiza miaka 21. Wakaendelea kuimba. Wakazunguka mji kwa mji, usiku kwa usiku, na nyimbo zao zikiwa kwenye chati moja baada ya nyingine. Wakatimiza miaka 21. Akiba haikuwapo. Kampuni ilisema fedha zimetumika kurekodi, kutangaza na kugharimia safari. Wakagoma kurekodi, wakaenda mahakamani, kampuni nayo ikawashtaki, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1965. Kufikia hapo wakati wao ulikuwa umepita. Muziki ulikuwa umehamia kwa wengine.

Florence Greenberg simfanyi shetani. Aliwaamini wasichana weusi wanne wakati Decca imewaacha, tena mwanamke katika kazi iliyoshikwa na wanaume. Wasichana wale walimchukulia kama mama, na ndiyo maana iliwauma vile. Waliahidiwa kesho, wakaingoja kwa imani, na siku walipoifikia haikuwa na kitu.

Nisamehewe nikisema habari yangu, ni fupi. Nikiwa na miaka 20 tulikuwa wanawake watano, tunaimba. Bwana mmoja mwenye vyombo vya kurekodia alituita, tukaimba nyimbo sita kwa siku moja, tangu asubuhi hadi magharibi, na chakula chetu siku hiyo kilikuwa mihogo na chachandu. Tuliposimama mlangoni kuulizia malipo akatuambia, njooni kesho. Tukaenda. Akatuambia kesho. Miezi mitatu baadaye nilikuwa kwenye daladala nikasikia sauti yangu inatoka kwenye redio ya dereva. Abiria mmoja akaimba pamoja nami, hakujua kwamba mwenye sauti amekaa nyuma yake na nauli ameikopa kwa jirani. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja, na hadi leo sijui kipi kilizidi. Sikumwambia. Niliteremka kituo kilichofuata nikaenda kwa miguu.

Tangu siku ile wimbo wa Shirelles nausikia kwa masikio mawili. Sikio moja linasikia msichana anamuuliza kijana. Jingine linasikia waimbaji wanne wanawauliza wenye kampuni, na redio, na sisi sote tunaocheza muziki wao kwenye harusi: leo mnatupenda sana, je, kesho?

Kwa hiyo wazazi, na hasa akina baba mnaopenda kusema muziki ni wa kihuni, hamtamlinda binti yako kwa kumkataza kuimba. Kaa naye mkataba usomwe. Usomwe kwa sauti, neno kwa neno, na palipoandikwa "baadaye" muulize ni lini, na nani atakayeshika hizo fedha, na zitaonekana wapi kabla ya hiyo siku. Binti asiyejua kuuliza hayo ataimba vizuri mno na atarudi nyumbani kwa miguu.

Nirudi kwa Shirelles, maana sikuja kuwahuzunisha. Agosti 1963 walikuwa Birmingham, Alabama, mji ambao miezi michache kabla yake watoto weusi walikuwa wamemwagiwa maji ya zimamoto na kuumwa na mbwa wa polisi barabarani. Kulikuwa na tamasha la kuunga mkono harakati za haki kwenye viwanja vya chuo cha Miles, watu weusi na weupe wakakaa pamoja kusikiliza, jambo ambalo mji ule haukulizoea. Wakapanda jukwaani na nyimbo zao za mapenzi. Wapo wanaosema nyimbo za mapenzi ni nyepesi, haziwezi kubeba mambo mazito. Mimi ningependa kumuuliza mtu aliyekaa kwenye nyasi zile siku ile kama swali la kesho alilisikia la mapenzi tu.

Na Carole King? Yeye na Gerry waliachana mwaka 1968. Mwaka 1971, akiwa na miaka 29, akatoa albamu yake mwenyewe, Tapestry, akaimba ndani yake nyimbo alizokuwa akiwatungia wengine. Huu aliuweka humo. Lakini aliupunguza mwendo, akauimba polepole na piano, waimbaji wenzake James Taylor na Joni Mitchell wakimwitikia nyuma. Fidla za kudundadunda hakuziweka. Ukisikiliza hizo mbili kwa kufuatana unasikia mtu yuleyule na swali lilelile, ila wa kwanza yuko mbele ya mlango na wa pili ameshapita, amefika asubuhi, amejua. Albamu ile ilikaa namba 1 wiki 15. Baadaye Amy Winehouse wa Uingereza naye aliuimba, na wengine wengi, na sidhani kama watakoma.

Kati yangu na nyinyi, ninaupenda wa 1960 zaidi. Najua walimu wenzangu wengine wanapenda wa 1971, wanasema umekomaa. Umekomaa kweli. Lakini swali hili lina nguvu kuliko mahali pote midomoni mwa mtu ambaye bado anatumaini jibu litakuwa zuri.

Micki Harris alifariki mwaka 1982, baada ya kutumbuiza Atlanta. Alikwenda akiwa kazini. Doris Coley alifariki mwaka 2000. Kabla ya hapo, mwaka 1996, kundi liliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki kule Marekani. Na mwaka 2008 kule Passaic, kipande cha barabara kilipewa jina lao, Shirelles Boulevard. Wanafunzi wanaopita pale asubuhi na mabegi mgongoni wanakanyaga jina la wasichana waliokuwa wakisoma katika mji huohuo mwaka 1957, wakihesabu siku za wiki kwa nyimbo.

Sasa wanangu mnaingia kuimba, na mimi nashuka. Ila kabla hamjaanza nimemwomba kijana wa mitambo atuwekee santuri ile. Msiimbe nayo, hata wanaoujua. Sikilizeni ubeti wa kwanza, mstari wa tatu, pale nilipowaambia wingu linapita. Kisha msikilizeni Shirley akiuliza, na mwangalie kwamba hapandishi sauti. Haya mwanangu, tuwekee.